Wakusanya madeni wananiandama: nijifiche au niwakabili?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Nilikopa fedha za biashara, na biashara ikaanguka. Mkopeshaji amewakabidhi deni langu watu wa kukusanya madeni. Wananipigia simu hadi usiku, wamewapigia ndugu zangu na bosi wangu wa sasa, na wanatishia kunifunga. Deni limeshafika mara mbili ya nilichokopa kwa sababu ya riba na faini. Siku hizi simu ikilia namwambia mwanangu apokee aseme mama hayupo. Najua deni ni zito mbele ya Mungu, na ndiyo maana nashindwa hata kufungua kinywa. Je, mdaiwa ana haki yoyote ya kusema?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Unayo, dada yangu. Na uliyoyasema kuhusu uzito wa deni ni kweli tupu, ila umeuweka uzito huo mahali pasipo pake.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah ndani ya sala dhidi ya dhambi na deni. Alipoulizwa kwa nini anajikinga sana na deni, akajibu kwamba mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Tazama alichokihofia: ulimi wa mdaiwa. Kukosa fedha si dhambi. Kumtuma mtoto aseme mama hayupo ni dhambi, na unamfundisha naye. Hilo liache leo hii. Liache pia lile la "nitalipa Ijumaa" linalotamkwa ili tu simu ikatwe, na msemaji anajua Ijumaa hana kitu.

Kabla ya kuwakabili, jihesabu mwenyewe kwanza. Sheria yetu imewatenga wadaiwa wa aina mbili. Mwenye uwezo anayechelewesha amehukumiwa na Mtume (s.a.w.) kuwa ni dhalimu. Mwenye dhiki amehukumiwa na Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara aya ya 280, kwamba apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Kwa hiyo kaa na daftari lako. Kama una akiba, au dhahabu iliyolala kabatini, au chochote kilichozidi mahitaji yako na ya wanao, hicho ni cha mdai wako; kitoe. Kama huna, basi wewe ni mwenye dhiki, na muda utakaouomba Allah ameshamwamrisha mdai akupe.

Katika Sahih Muslim kuna kisa cha Abu Qatada (r.a.) ambacho napenda ukitafakari. Alikuwa akimdai mtu, na mtu yule akawa anajificha. Abu Qatada akamtafuta mpaka akampata, na yule bwana akamwambia: mimi nina dhiki. Akamuuliza: Wallahi? Akajibu: Wallahi. Hapo Abu Qatada akasema amemsikia Mtume (s.a.w.) akisema kwamba anayetaka Allah amwokoe na mashaka ya Siku ya Kiyama, basi na ampe nafasi mwenye dhiki au amwondolee deni. Muda wote aliojificha, mdaiwa yule hakupata nafuu yoyote. Nafuu ilikuja aliposimama akasema ukweli wa hali yake, na akawa tayari kuuapia.

Nawe sema hivyo hivyo. Anayekupigia si mdai wako, ni wakala, na wakala hathibiti kwa madai yake mwenyewe. Muulize ni nani, ametumwa na nani, na akuletee uthibitisho. Ukimlipa asiyeidhinishwa, deni lako halijaondoka. Kisha taka mchanganuo kwa maandishi: ulikopa kiasi gani, umelipa kiasi gani, kilichoongezwa kimetoka wapi. Huo si ukaidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya sura hiyo hiyo, inazungumzia kuandika deni, na inamtaka mdaiwa ndiye asomee mwandishi. Yaani kauli ya deni imewekwa kinywani mwako, kwa sharti umche Mola wako na usipunguze kitu. Waambie: deni nalikubali, uwezo wangu kwa mwezi ni huu, tuandikiane. Taja kiasi ambacho hata mwezi mbaya utakimudu. Usitie saini hesabu usiyoikubali, na kila malipo yawe na risiti.

Watakuwa wakali. Mtu mmoja alimdai Mtume (s.a.w.) ngamia kwa maneno makali mpaka Masahaba wakataka kumshughulikia, naye akasema: mwacheni, mwenye haki ana la kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Kwa hiyo ukali wa kudai uvumilie. Lakini matusi si haki ya mtu yeyote, wala kumwaibisha mwenye dhiki kwa ndugu na bosi wake. Nduguyo ambaye hakukudhamini hadaiwi chochote. Waandikie waache, hifadhi jumbe zao, na wakiendelea wapeleke kwa mamlaka inayohusika. Ama tishio la kifungo, hata Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, kifungu cha 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Ila barua ikitoka mahakamani kwenyewe, usiipuuze hata siku moja. Nenda ukaeleze hali yako.

Kuhusu riba: unalodaiwa mbele ya Allah ni rasilimali, yaani kile ulichokopa. Aya ya 279 ya Suratul Baqara imesema wana haki ya rasilimali zao, wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Tubu kwa kuingia katika mkataba wa riba, kisha jadiliana nao wakuondolee nyongeza. Mahakama ikikulazimisha kuilipa, dhambi ya kuila ni ya anayeipokea. Na usije ukakopa kwingine kwa riba ili uwanyamazishe hawa.

Suluhu ina asili yake. Ka'b bin Malik na mdaiwa wake walipopaziana sauti msikitini, Mtume (s.a.w.) alifungua pazia la chumba chake akamwashiria Ka'b apunguze nusu. Ka'b akakubali, na papo hapo mdaiwa akaambiwa: simama ulipe. Basi wakikupunguzia, usicheleweshe hata siku moja ile sehemu mliyokubaliana.

Mwisho, Suratut Tawba aya ya 60 imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Ukiwa umetubu na huna cha kulipia, chukua mchanganuo ule ule na risiti zako, uende kwa imamu wako au wanaosimamia zaka, uwaeleze. Usione haya, ni fungu ambalo Allah mwenyewe amekugawia.

Wallahu aalam.