Wa Miezi 8 na wa Miaka 3 na Nusu, Niwapeleke Daycare Moja?

Shangazi hujambo? Mi niko Manyatta hapa Kisumu, nina msichana wa miaka 3 na nusu na kijana wa miezi 8. Nauzia mtu duka huko Kondele, naingia saa mbili natoka saa kumi na mbili jioni. Dada aliyekuwa ananisaidia amerudi kwao. Karibu na ploti yetu kuna daycare, mwenyewe ni mama mzuri tu lakini ako peke yake na watoto kama 15, na anasema huyu mkubwa atamfunza kuandika. Kuna pia nyanya mmoja jirani amekubali kushika mtoto mmoja tu. Bei ni karibu sawa. Si niwapeleke wote daycare nimalize maneno?
Mama wa wawili, Manyatta

Sijambo mwanangu, na pole na hizo asubuhi. Mi naona mdogo aende kwa huyo nyanya, mkubwa ndio aende daycare. Najua ni mizunguko miwili na umechoka, lakini wako umri tofauti na mahitaji yao hayafanani.

Mtoto wa miezi 8 ndio ameanza kutofautisha watu, yule alikuwa anabebwa na kila mtu sasa akiona sura ngeni analia mpaka sauti inakauka, na hiyo sio kudeka, amejua mamake ni nani ila bado hajajua ukienda utarudi. Anataka mtu mmoja, uso uleule, mgongo uleule, leo na kesho. Tena ndio wakati wa kutambaa, kila akiokota kitu anatia mdomoni, kifuniko cha soda, punje ya mahindi, makaa. Wachanga watatu hivi mtu mmoja anawaweza, lakini huyo wako awe katikati ya watoto 15 jameni? Hata mama awe mzuri namna gani mikono ni miwili. Hapo ndio unakuta mtoto amelazwa kutwa nzima, ama anapewa dawa ya kikohozi ndio alale, hii nimeisikia kwa wamama wengi sana na inaniuma. Mahali popote utamwacha, ukimkuta kila jioni amelala fofofo hataki hata kunyonya, uliza, na umpeleke hospitali.

Usimwachie nyanya ghafla. Kaeni hapo naye siku mbili tatu, kisha umwache lisaa limoja, halafu nusu siku. Na usitoroke akigeuka, mwambie kwaheri hata akilia. Kondele na hapo kwenu ni karibu, omba saa ya lanchi ukimbie umnyonyeshe. Maziwa ya kukamua aachiwe kwa kikombe kisafi chenye kifuniko, na kwa joto letu hili apewe mapema asubuhi, yasingoje mchana.

Sasa huyu msichana. Miaka 3 na nusu anataka wenzake, wakimbizane, wagombanie mpira halafu wapatane, aulize maswali mia. Kuandika bado, vidole vyake havijakomaa, hata PP1 yenyewe, ile ya kuanzia chekechea, ni ya miaka 4 na huko pia wanajifunza kwa kucheza. Nenda saa nne asubuhi bila kusema unakuja, uangalie kama lango linafungwa, choo kiko aje, wanachezea nini, na kama wanaongeleshwa ama wamekalishwa tu mbele ya tivi. Na huyo mama mwambie kwa heshima atafute msaidizi, 15 ni wengi hata kwa wakubwa.

Kitu kingine, mwezi ujao kijana anafika miezi 9, hapo ni chanjo ya surua, na kama alianza ile ya malaria ya miezi 6 hiyo pia inaendelea. Omba ruhusa kazini kuanzia sasa, na kijitabu cha kliniki mwachie nyanya mahali atakiona, mtoto akishikwa na homa mchana aweze kukimbia nacho.