Jibu: Faida kwa wakazi inapimwaje kwenye zabuni ya mifereji?

Ndugu, umeuliza utathibitishaje faida kwa wakazi kwenye zabuni yako ya mifereji Temeke. Usiandike "tutaajiri vijana wengi", hilo halipimiki. Taja wangapi, wa mtaa gani, siku ngapi za kazi, ujira kiasi gani. Daftari la mahudhurio lenye saini, rekodi za ujira uliolipwa kwa simu na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ndiyo ushahidi. Picha za uzinduzi hazitoshi hata kidogo! Mama lishe na mafundi wa jirani wahesabu pia, kwa risiti. Ila ahadi ikishaingia kwenye mkataba inakubana, kwa hiyo andika unachokiweza. Ile asilimia 30 ya ununuzi wa umma inayotengewa makundi maalumu (vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu) ni suala jingine. Muulize mtaalamu wa ununuzi kabla hujawasilisha kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni.