Magazini: ni duka au ni jarida?

SWALI: Mimi ni mtu wa Mombasa. Rafiki yangu wa Lubumbashi ameniandikia kwamba ametoka "ku magazini" kununua sukari. Kwetu magazini ni lile jarida la picha. Nani kati yetu amekosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea. Neno ni moja, ila rafiki yako amelipata kupitia Kifaransa, na wewe umelipata kupitia Kiingereza.

Asili yake ni Kiarabu: makhzan, yaani ghala, wingi wake makhazin. Waitalia walilifanya magazzino, Wafaransa magasin. Hata kwa Wafaransa lilikuwa ghala kwanza, lakini mfanyabiashara akiuzia palepale anapoweka mali, ghala linageuka duka. Maana hiyo ya duka ndiyo waliyo nayo pia Warusi na Waromania, na ndiyo iliyofika Kongo. Wajerumani, Waholanzi na Wapolandi bado hulitumia kwa ghala. Wahispania walilichota moja kwa moja kwa Waarabu, wakaliita almacén, na "al" ya Kiarabu ikabaki imeganda mbele.

Safari ya Uingereza ndiyo inayonivutia zaidi. Huko lilikuwa ghala, hasa la silaha na baruti, ndiyo maana hata leo polisi wakikamata bunduki utawasikia wakitaja magazini, yaani kile kikasha cha bunduki kinachowekwa risasi. Kisha watu wakaanza kuita hivyo vitabu vilivyokusanya maarifa ya kila aina, kana kwamba ni ghala la habari. Mwaka 1731 Edward Cave alianzisha London The Gentleman's Magazine, na tangu hapo jarida likawa na jina hilo. Wafaransa nao wakalichukua tena kutoka kwa Waingereza likiwa na maana hiyo mpya, hivyo leo wana magasin la duka na magazine la jarida. Mrusi akitaka jarida husema zhurnal, kutoka journal ya Kifaransa, ilhali Mfaransa akisema journal anakusudia gazeti la kila siku!

Sisi tumefanya yaleyale. Jarida kwa Waarabu ni gazeti. Na mzizi wa makhzan ndio uliotupa hazina, neno tulilolizoea kiasi kwamba hatulioni tena kuwa geni.

Ukiandikia wasomaji wa kila mahali, tumia duka, ghala na jarida. Hayo yanaeleweka Mombasa na Lubumbashi. Ila usimsahihishe rafiki yako anapozungumza. Na usidhani ile "-ni" ni ya mahali kama ya dukani: ni sauti ya mwisho ya magasin iliyoongezewa irabu, ndiyo maana yeye huweka "ku" mbele.