Je, kivuli kinaweza kuipita nuru kwa kasi?

Ndugu muulizaji wa Moshi, umeuliza ikiwa kivuli, kwa kuwa hakina uzito, kinaweza kuipita nuru, na fotoni, yaani chembe ya nuru, isiyo na tungamo inawezaje kusukuma kitu. Nakushauri uyatenganishe maswali haya, maana yanafanana kwa sura tu.

Kivuli si kitu kinachosafiri, bali ni mahali ambapo nuru haikufika. Kile cha Mlima Kilimanjaro, ambacho jua linapochomoza hutanda upande wa magharibi na kufupika kadiri jua linavyopanda, hakitambai juu ya migomba. Kila kipande cha ardhi huangazwa na fotoni zake kwa zamu yake. Ndiyo maana kivuli cha kidole chako, kama kingeweza kufika mwezini, umbali wa takriban kilomita 384,000, nawe ukakizungusha kwa mwendo wa nyuzi 60 kwa sekunde, kingepita huko kwa kilomita 400,000 hivi kwa sekunde, zaidi ya zile 299,792 za nuru, na hakuna sheria ambayo ingevunjwa, kwa sababu hakuna kilichobebwa kutoka ukingo mmoja wa mwezi hadi mwingine.

Fotoni ni jambo jingine kabisa. Haina tungamo, lakini ina nishati, na kwa hiyo ina momenta (msukumo ambao kitu kinachosafiri hubeba na kukipa kile kinachokigonga), ambayo ni nishati hiyo ikigawanywa kwa kasi ya nuru. (Kanuni ya tungamo mara kasi uiache kando hapa, itakupa sifuri na kukuchanganya bure.) Chombo IKAROS cha Japani, kilichorushwa mwaka 2010, kilisukumwa angani na mwanga wa jua uliogonga tanga lake jembamba.