Kisu cha kukunja cha kumwachia mjukuu

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mkazi wa Chumbageni hapa Tanga, nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini na mwakani nastaafu. Marehemu baba aliniachia kisu cha kukunja alichotembea nacho enzi za mashamba ya mkonge. Sasa bapa limeliwa limebaki kama ukucha, na mpini unacheza. Nataka kununua kimoja cha maana, nikitumie kila siku, kisha nimwachie binti yangu au mjukuu. Nimetenga shilingi milioni moja na nusu. Nimekwama kwenye vitatu: Sebenza ya Marekani, yenye mpini wa titani na bapa la chuma wanachokiita MagnaCut, Laguiole ya Kifaransa yenye mpini wa pembe ya ng'ombe, na kimoja cha Damasko nilichokiona mtandaoni, maua yake yananivutia mno. Ungekuwa wewe ungechukua kipi? Na mpini wa mpingo je?

JIBU: Shikamoo mzee wangu.

Cha Damasko tukiondoe kwanza. Damasko ya siku hizi ni vyuma viwili vilivyofuliwa pamoja, kisha vikapitishwa kwenye tindikali ili mistari ijitokeze. Vile vya bei ya kuvutia mara nyingi havina kromiamu ya kutosha kuzuia kutu. Kata embe asubuhi, sahau kupangusa, jioni utakuta maua yameota maua mengine. Damasko isiyoshika kutu ipo, Waswidi wanaitengeneza, lakini bei yake haifanani na ya hicho ulichokiona. Tena picha haikwambii kama mistari imefuliwa au imechorwa juu juu. Nimeshapiga msasa kimoja mbele ya mwenyewe, maua yakafutika yote. Hakuniaga.

Vimebaki viwili. Watu wengi wakinijia na swali kama lako huanza na chuma cha bapa. Mimi huanza na bawaba, na sababu niliiona hapa hapa mezani kwangu Ngamiani. Mwaka juzi nahodha mmoja wa boti aliniletea kisu cha titani cha bei ya pikipiki kuukuu. Bapa linang'aa kama la jana, lakini kisu hakifunguki. Nikaweka bisibisi, skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili kichwa kikakatika kama biskuti. Ilinichukua nusu siku kuing'oa kwa drili nyembamba, na nilipotenganisha mbavu za mpini nikakuta unga wa kahawia, mchanga na chumvi, vimegandamana kama simenti kuzunguka pini. Titani yenyewe haikuwa na hata doa.

Kilichotokea ni hiki. Maji ya chumvi yakigusa metali mbili zilizoshikana hugeuka betri ndogo, na kwenye betri hiyo anayeliwa ni yule dhaifu. Titani ni mbabe, kwa hiyo skrubu za chuma ndizo zinazolipa. Huhitaji kutumbukia baharini. Jasho la kiunoni na upepo wa pwani vinatosha, vinafanya kazi polepole tu. Kwa hiyo mtu wa Tanga anayetaka kisu cha kurithisha swali lake la kwanza liwe: kinafunguka? Namaanisha kufunguka chote, kila kipande mezani, mara mbili tatu kwa mwaka, kioshwe, kikaushwe na kufungwa tena na mtu ambaye hajawahi kukiona.

Ndiyo maana skrubu za kichwa cha nyota au cha pembe sita hazinitishi. Fundi simu yeyote wa mjini ana bisibisi za nyota, na funguo za Allen zinauzwa dukani. Ninazoziogopa ni zile za umbo la pekee ambazo bisibisi yake anayo mtengenezaji peke yake. Leo utamwandikia barua pepe. Mjukuu wako atamwandikia nani? Kampuni nyingine hata husema ukikifungua kisu, dhamana imekufa. Kwangu hiyo ni sababu ya kukiacha dukani.

Kwenye bawaba hiyohiyo kuna jambo watu hawaliulizi: bapa linazunguka juu ya nini? Visu vingi vya kisasa hutumia beringi, vigololi vidogo kuliko punje ya mtama. Vinafunguka kwa ulaini wa ajabu, ukigusa tu bapa limeruka. Ila vigololi hivyo vingi ni vya chuma, vinashika kutu, na kimoja kikianguka sakafuni kwangu hakipatikani tena. Aina ya zamani hutumia washa, duara bapa la shaba ngumu. Washa ikichakaa naikata nyingine kutoka kwenye bati la shaba, naisawazisha kwa msasa juu ya kioo, basi. Nusu saa. Kisu cha washa ni kizito kidogo kufungua, lakini unaweza kukihudumia ukiwa hapa hapa.

Sebenza ina washa. Chris Reeve, aliyeibuni, alizaliwa Afrika Kusini na akahamia Boise, jimbo la Idaho, mwaka 1989. Jina lenyewe ni Kizulu, maana yake kazi. Skrubu zake ni za funguo za Allen, na kampuni inataka ukifungue na kukisafisha mwenyewe. Komeo lake ni ubavu wa mpini wenyewe: titani imepasuliwa ikawa ulimi, ukifungua kisu ulimi unaruka ndani na kusimama nyuma ya kisigino cha bapa. Hakuna springi ya kukatika. Udhaifu wa komeo la namna hii ni kwamba titani ni laini kuliko chuma cha bapa, na baada ya miaka ulimi unalika na kusogea upande wa pili. Kwenye toleo la Sebenza 31 waliweka kigololi cha seramiki mahali pa kugusana. Watengenezaji wengine hufunga kipande cha chuma kwa skrubu, kinachobadilishika. Vyovyote iwavyo, kisu kikiwa kipya ulimi ushike kwenye theluthi ya kwanza ya kisigino. Ukikuta umeshavuka nusu, mwachie mwenye duka.

Sasa chuma. MagnaCut ilitoka mwaka 2021, imebuniwa na mtaalamu wa vyuma Larrin Thomas, na mimi huipenda kwa sababu moja inayotuhusu sisi wa pwani. Ukisoma makaratasi utaona ina kromiamu asilimia 10.7 tu, wakati M390, chuma kingine cha visu, ina 20, utadhani ya pili ndiyo haishiki kutu. Kumbe kromiamu inayokukinga ni ile iliyoyeyuka ndani ya chuma. Ile iliyojifunga na kaboni ikawa punje ngumu haisaidii chochote dhidi ya kutu, na kwenye M390 sehemu kubwa imejifunga hivyo. MagnaCut ilipangwa makusudi isiwe na punje za kromiamu. Punje zake ngumu ni za metali nyingine, vanadiamu na niobiamu, kromiamu ikabaki huru kufanya kazi ya ulinzi. Ndimu, maembe, machungwa ya Muheza, samaki: pangusa tu.

Lakini punje hizo za vanadiamu ni ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea. Ukikisugua kwenye kinoo cha kawaida, kazi itakwenda polepole. Bamba la almasi ndilo bora, nalo si ghali siku hizi. Nunua mawili, la wastani na la laini, uyaweke pamoja na kisu, maana atakayerithi kisu bila bamba amerithi nusu.

Na tafadhali, kisiende kwenye gurudumu la baiskeli. Sina ugomvi na wanoaji wa mitaani, panga la nazi wanalinoa vizuri kuliko mimi. Ila lile gurudumu linazunguka kavu, makali membamba yanapata moto kabla kidole hakijahisi, na chuma kikishageuka rangi ya samawati pale ukingoni, ugumu wake umeondoka. Hapo mtu anarudi wiki inayofuata kulalamika kisu hakishiki makali, kinanolewa tena, kinaliwa tena. Naamini bapa la marehemu baba yako lilikwisha hivyo, halikumalizwa na kazi. Kisu cha mfukoni kikinolewa kwa mkono kwenye bamba laini kila kikianza kuteleza juu ya nyanya, kinachoondoka ni vumbi tu.

Laguiole sina haja ya kuitukana, ni kisu kizuri machoni. Ila jina hilo ni la kijiji kule Ufaransa na halimlindi mnunuzi: vingine hutengenezwa palepale, vingi mji wa Thiers, na vingine havijawahi kuiona Ulaya. Kwa hiyo usinunue jina, nunua karakana iliyogonga alama yake. Vingi havina komeo, springi ya mgongoni ndiyo inayolishikilia bapa wazi, nalo linaweza kukurudia vidoleni ukilibonyeza vibaya. Mpini wa pembe hunywa unyevu wakati wa masika na kuurudisha wakati wa jua, mwisho hupata ufa kwenye riveti. Wadudu nao huipenda pembe. Fungua kasha la bibi yeyote utaona. Ungekuwa unakaa Lushoto, kwenye ubaridi na mbali na chumvi, ningekujibu vingine.

Mpingo ndiyo, kwa moyo mmoja. Ni mzito hata unazama majini, una mafuta yake wenyewe, na ukikauka vizuri hautikisiki. Wazungu hawauchongei klarineti bure. Tatizo ni kwamba ubavu mmoja wa kisu chako ndio komeo, lazima upinde, hauwezi kuvalishwa ubao mzima. Kwa hiyo mpingo utaingia kama kipande kilichozamishwa ndani ya titani, nacho hukifanya kisu kisiweze kusuguliwa na kung'arishwa upya ovyo. Mimi ningechukua titani tupu. Mikwaruzo ya titani hufutwa kwa sponji ya msasa kwa dakika kumi, au huachwa.

Kwa hiyo ungekuwa mfuko wangu, ningechukua hiyo ya titani, bapa la sentimita nane hivi, ncha ya kawaida, bila meno ya msumeno. Bei ya Sebenza inapita dola 400. Ongeza usafiri na ushuru, milioni na nusu yako itakuwa inapumua kwa shida. Ukiona mtu anakuuzia kwa laki mbili, hiyo ni nakala, nazo zimejaa. Na kama bei inakuumiza hata kidogo, Spyderco wana kundi la visu wanaloliita Salt, baadhi ni vya chuma cha LC200N ambacho nitrojeni imechukua nafasi ya sehemu kubwa ya kaboni. Hicho hata kikilala kwenye ndoo ya maji ya bahari kitaamka salama. Kinaisha makali mapema kuliko MagnaCut, kinanoleka kirahisi, na bei yake ni chini ya nusu. Wavuvi mimi huwaambia wachukue hicho, sihangaiki nao.

Siku unayoagiza kisu, agiza na skrubu za akiba, pini na washa, seti nzima. Ziweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Kwa miaka arobaini kampuni inaweza kuwa imeuzwa mara tatu.

Kuhusu kukitunza, mawili tu yanayokosewa. La kwanza, usikilaze kwenye ala ya ngozi. Ngozi hufyonza unyevu na ina dawa za kuitengenezea zinazokula chuma. Tembea nacho humo ukitaka, lakini usiku kitoke nje. La pili ni mafuta. Watu hutia alizeti kwenye bawaba kwa sababu ndiyo iliyopo jikoni, na baada ya miezi inageuka gundi. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha. Kikiguswa na maji ya bahari, kioshe kwa maji baridi ya bomba kikiwa wazi, kipigepige kwenye kiganja, kianike kivulini.

Uliandika kwamba ungependa kimwendee binti. Mimi si kadhi, lakini nimeona kisu kikigombewa na ndugu wanne msibani. Kikibaki mfukoni mwako siku hiyo, kinaingia kwenye tereka, yaani mali ya marehemu ya kugawiwa warithi, kama godoro na redio, na kwa sheria ya Kiislamu wosia kwa mrithi haupiti mpaka wenzake waridhie. Ukitaka kiwe chake, mpe hiba ungali hai, akishike mkononi mwake mbele ya watu. Unaweza kumwazima baadaye ukimenyea chungwa.

Kile cha marehemu usikitupe, kilete. Riveti za shaba nazitoa kwa drili, nasafisha ndani, napiga mpya kutoka kwenye waya, na mpini hautacheza tena. Bapa siwezi kulirudishia upana wake. Kwa kufungulia barua na kukatia uzi, lililobaki linatosha.