Kabla ya Kuisifu Shule kwa Ufaulu, Uliza Watoto Walianzia Wapi

Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yanapotoka, wazazi hunipigia simu kuniuliza ni shule ipi iliyo nzuri ili wamhamishie mtoto. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi, na kwa miaka saba nilikuwa mwalimu wa taaluma, yaani mimi ndiye niliyekuwa nikijumlisha alama, nikipiga wastani na kupeleka jedwali kikaoni. Takwimu hizo nimeziandaa kwa mkono wangu, na kwa sababu hiyo ninayo haki ya kumwambia mzazi na mwalimu mwenzangu kwamba asilimia ya ufaulu peke yake haisemi shule imemfanyia mtoto nini, mpaka ujue alianzia wapi na ni wenzake wangapi ambao hawamo kwenye hesabu.

Nilianza kazi katika shule ya mjini ambayo watoto wake karibu wote walikuwa wamepitia chekechea, wazazi wao walikuwa wakiwalipia masomo ya ziada jioni, na nyumbani kwao kulikuwa na taa na meza. Ufaulu wetu haukuwahi kushuka chini ya asilimia 90, na sisi walimu tulipongezwa. Baadaye nilihamishiwa shule ya kijijini, ambako baadhi ya watoto waliingia darasa la kwanza bila kuwahi kushika penseli, na msimu wa kilimo ukifika madawati yalibaki wazi. Huko ufaulu ulikuwa chini ya nusu, na katika kikao cha tathmini tulisimamishwa mbele ya walimu wa wilaya nzima ili tueleze tumefanya nini mwaka mzima. Nilikuwa mwalimu yule yule, nikifundisha somo lile lile, tena kwa bidii kubwa kuliko nilivyowahi kufundisha mjini.

Watafiti walilikuta jambo hili zamani. Mwaka 1966 nchini Marekani, James Coleman na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi zaidi ya 600,000, wakaonyesha kwamba hali ya familia ya mtoto inaeleza tofauti za alama zaidi kuliko majengo na vifaa vya shule. Wengi walitafsiri matokeo hayo kana kwamba shule haina kazi. Mwaka 1979 jijini London, Michael Rutter na wenzake waliandika kuhusu shule 12 za sekondari, na jambo walilolifanya ndilo ninalolithamini kuliko yote: walikuwa na vipimo vya watoto hao walipokuwa na umri wa miaka 10, kabla hawajaingia sekondari. Kwa kulinganisha watoto waliofanana mwanzoni, waliona kwamba shule zinatofautiana kweli kweli, na kwamba tofauti hiyo inahusiana na mambo ya kila siku kama vile walimu kuwahi darasani, kazi za nyumbani kutolewa na kusahihishwa, na wanafunzi kupewa wajibu. Kisha mwaka 1983 Stephen Heyneman na William Loxley walilinganisha nchi 29, wakakuta kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, shule na mwalimu walikuwa na uzito mkubwa zaidi katika alama za mtoto kuliko katika nchi tajiri. Nawaomba walimu wa vijijini walishike jambo hilo siku wanapoambiwa kwamba watoto wa maskini hawafundishiki.

Kipimo kinachotokana na fikra hii huitwa ongezeko la thamani, jina lile lile tulilolizoea kwenye kodi, na maana yake haiko mbali: unachotafuta ni kile kilichoongezwa juu ya alichokuja nacho mtoto. Uingereza ilianza mwaka 2016 kupima shule za sekondari kwa namna hiyo, kwa kulinganisha matokeo ya mwanafunzi katika masomo 8 na ya wenzake nchini waliomaliza shule ya msingi wakiwa na alama kama zake.

Sisi kijijini hatukuwa na kompyuta wala mtakwimu. Nilichokuwa nacho ni daftari la kaunta na karatasi moja yenye sehemu nne: silabi, maneno, aya fupi na hadithi. Wiki ya pili ya Januari nilikaa chini ya mwarobaini nikawaita watoto wa darasa la tano mmoja mmoja. Binti mmoja aliweka kidole juu ya karatasi, akasoma "ba" na "le" vizuri, akafika kwenye neno "ng'ombe" akanyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu huku kidole kikiwa pale pale, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hili hatukufundishwa." Nikaandika jina lake na neno "silabi". Nilimpima tena Juni, kisha Novemba, akawa anasoma aya ya mistari minne, na penye mkato alikuwa anapumua. Alipofika darasa la saba alisoma hadithi nzima na kunieleza kwa nini mhusika alikosea. Katika mtihani wa taifa alipata D ya Kiswahili, na katika jedwali langu la ufaulu, ambalo huhesabu A, B na C tu, binti huyo alikuwa sawa na mtoto ambaye hajajifunza chochote kwa miaka saba. Mpaka leo nikilifungua daftari lile naumia, kwa kuwa hakuna mwanafunzi niliyemsogeza mbali kama yeye.

Liko pia jambo ambalo nina wajibu wa kulikiri. Mwaka mmoja tulielekezwa na uongozi wa shule kuwashauri wazazi wa wavulana wawili kwamba watoto wao warudie darasa la sita "ili waimarike". Majina niliyaandika mimi. Ufaulu wa darasa la saba ulipanda kidogo, tukasifiwa, na mmoja wa wavulana hao hakurudi shuleni kabisa. Sikuwa nimejua wakati huo kwamba jambo kama hilo lilikuwa likitokea katika shule nyingine nyingi. Mpango wa serikali ya Tanzania wa Matokeo Makubwa Sasa ulipoanza katika elimu mwaka 2013, shule zilianza kupangwa hadharani kwa nafasi kitaifa na ndani ya wilaya. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichambua takwimu za shule za msingi za Tanzania za mwaka 2011 hadi 2016, wakakuta kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliinua kweli ujifunzaji, lakini pia shule ziliwaacha baadhi ya wanafunzi nje ya darasa la mwisho. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote, ingawa najua katika kata na wilaya nyingi orodha bado zinaandaliwa na kubandikwa.

Kwa hiyo mwalimu mkuu akikuonyesha ufaulu wa asilimia 95, muulize kwa adabu: watoto hawa walipokuwa darasa la nne walikuwa wangapi, na leo waliofanya mtihani ni wangapi? Kama waliopungua ni wengi na hakuna maelezo ya uhamisho, asilimia hiyo isikuvutie.

Ukubwa wa shule nao huwapotosha watu. Katika shule yenye watahiniwa 18, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia 5 ya ufaulu, na homa ya siku moja yaweza kuishusha shule kutoka juu hadi chini. Thomas Kane na Douglas Staiger, waliochunguza shule za North Carolina nchini Marekani, walionyesha mwaka 2002 kwamba shule ndogo hujitokeza mara nyingi mwanzoni mwa orodha na pia mwishoni mwake, kwa sababu tu alama zao hupanda na kushuka zaidi kuliko za shule kubwa. Tazama miaka mitatu au minne kwa pamoja kabla ya kumpa mwalimu zawadi au barua ya kujieleza.

Kwa walimu wenzangu wanaotaka kuanza kupima maendeleo, nasisitiza wasitafute ugumu. Mbiti, Mauricio Romero na Youdi Schipper walifanya jaribio katika shule 180 za Tanzania, wakilinganisha njia mbili za kuwalipa walimu motisha: moja ikitumia hesabu ya kumlinganisha kila mwanafunzi na wenzake walioanza naye katika kiwango kimoja, nyingine ikilipa kwa kila ngazi ya stadi ambayo mwanafunzi ameivuka. Njia zote mbili ziliongeza ujifunzaji, na ile rahisi ya ngazi haikuzidiwa na ile ya hesabu ngumu. Mimi sikushangaa, maana mwalimu aliyejua kwamba watoto tisa wamekwama kwenye maneno anajua la kufanya kesho asubuhi, ilhali mwalimu aliyepewa wastani wa 43 hajui.

Pima mapema mwakani, kabla hujafundisha chochote, na upime watoto wote hata wale watoro ambao itabidi uwafuate nyumbani. Tumia karatasi yenye ugumu ule ule kila mara, lakini maneno yabadilike, kwa sababu watoto hukariri. Niliwahi kufurahia maendeleo ya darasa zima hadi nilipogundua kwamba hadithi ile walikuwa wakiiimba wakati wa mapumziko. Kama inawezekana, mwalimu wa darasa jingine ndiye apime wanafunzi wako, nawe upime wake, kwa kuwa mapenzi yetu kwa watoto hutufanya tusikie neno ambalo hawakulitamka. Na jina la mtoto aliyeondoka usilifute daftarini, bali andika pembeni tarehe aliyoonekana mara ya mwisho na mahali unapoambiwa alikokwenda.

Wazazi wanaonipigia simu siku hizi nawaomba waende katika shule wanayoitaka siku ya kawaida ya masomo, wala si siku ya mahafali, waombe kuketi nyuma katika darasa la pili kwa kipindi kimoja, kisha wamuulize mwalimu ni watoto wangapi Januari walikuwa hawajui kusoma na leo wako ngazi gani. Wiki iliyopita mama mmoja alifanya hivyo katika shule ambayo haijawahi kuwa hata kumi bora ya kata. Mwalimu alivuta droo, akatoa daftari lenye jalada lililochakaa na kuanza kumsomea majina.