Ukitoka kusoma kitabu, usikimbilie filamu yake ya mauaji

Mimi ni mtu wa Nyalenda, hapa Kisumu. Maji ninayoyaona kila asubuhi nikishuka Dunga ndiyo yale yanayotoka ziwani pale Jinja na kuanza safari ya Nile. Kwa hiyo niliposikia Kenneth Branagh ametengeneza filamu, ile ya mwaka 2022, kutokana na Death on the Nile, riwaya ya Agatha Christie kuhusu mauaji ndani ya meli mtoni humo, niliingoja kama mtu anayengoja habari za jamaa aliye mbali. Hapo nikafanya kosa ninalotaka wewe uliepuke. Riwaya yenyewe, ya mwaka 1937, niliimaliza Ijumaa usiku, na Jumamosi nikaketi na mpwa wangu kutazama filamu.

Muuaji nilishamjua, nikabaki na kazi ya kulinganisha tu. Filamu inaanzia kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ili tujue masharubu ya mpelelezi Poirot yalitoka wapi. Kitabuni jambo hilo halimo, nami nikanuna tangu dakika ya kwanza. Hata lililo zuri nilikaribia kulikosa: Salome Otterbourne, ambaye kitabuni ni mwandishi wa riwaya, hapa ni mwimbaji, na Sophie Okonedo anamwigiza vizuri mno. Acha miezi ipite kati ya kitabu na filamu. Mimi siku hizi naacha mwaka mzima.

Lakini lawama zote si zangu. Mto ule haukunikaa moyoni. Filamu ilipigwa zaidi studioni Uingereza, na sehemu kubwa ya Misri ikaundwa kwa kompyuta. Aliyekulia kando ya ziwa anajua kwamba maji hayatulii: upepo ukigeuka rangi inageuka, gugu maji linasogea, harufu ya omena iliyoanikwa inakufikia kabla hujauona ufuo. Maji ya filamu hii yaling'aa vilevile toka mwanzo hadi mwisho. Na mauaji ya melini yanatisha kwa sababu abiria hana pa kukimbilia. Mimi sikuona maji ya kumzuia mtu.

Kisha kuna suala la dalili, na hili ndilo ninalolijali kuliko yote. Kabla Poirot hajawakusanya watu kutoa jibu, nilisimamisha filamu nikamuuliza mpwa wangu, ambaye hakuwa amesoma kitabu, muuaji ni nani. Akataja jina. Nikamwuliza amejuaje.

"Sura yake tu, mjomba."

Saa moja na zaidi ametazama, na hana hata jambo moja la kuliegemea. Fanya hivyo nawe: simamisha, andika jina, andika na sababu. Sababu zisipopatikana, rudi nyuma uangalie kama zilikuwepo zikakupita. Usiharakishe kuilaumu filamu kwa sababu mauaji yamechelewa. Hata filamu ya mwaka 1978, ambayo Peter Ustinov ndiye Poirot, haina haraka ya kufika kwenye risasi. Ila muda ule inautumia kukuonyesha abiria mmoja mmoja na kinyongo chake kwa yule tajiri mchanga anayeuawa, na ilipigwa Misri kwenyewe, juu ya meli ya kweli.

Hiyo ya zamani niliitazama na dada yangu, mama wa huyo mpwa, ambaye hakuwa ameona filamu wala kusoma kitabu. Nilimkataza kijana asifungue mdomo. Tulipofika mahali pa kusimamisha, dada akachukua daftari la mahesabu ya duka, akaandika nyuma yake jina moja na sababu mbili. Jina alikosea. Sababu zote mbili zilikuwa mle ndani ya filamu, na alitaka turudi nyuma azione tena kabla ya kuendelea.